Usalama au Uhakika? Istilahi za Ushirikiano wa Nishati

Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye Mto Kagera mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kipo kituo cha kufua umeme chenye uwezo wa megawati 80. Umeme wake hugawanywa sawa kwa sawa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Nchi zinapogawana mali namna hii, yapasa maneno ya makubaliano yao yawe na maana moja pande zote. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi tatu ambazo aghalabu huwatatiza wafasiri.

Ya kwanza ni ushirika wa umeme. Mwaka 2005 nchi kadhaa za mashariki mwa Afrika ziliunda chombo cha kuratibu uuzianaji wa umeme. Jina lake la Kiingereza lina neno ambalo kwa maana yake ya kawaida ni dimbwi. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika "bwawa la umeme", na msomaji atadhani anaelezwa habari za Mtera au Kidatu. Dhana yenyewe ni kwamba kila nchi hubaki na mitambo yake, ila zote hufuata kanuni moja za kuuziana. Wakulima wetu wanaifahamu dhana hiyo tangu zamani, nao huiita ushirika. Tusiichanganye na kuunganisha gridi, kama Ethiopia na Kenya zilivyofanya mwaka 2022, na Kenya na Tanzania mwaka 2024 kwa njia ya msongo wa kilovoti 400. Nyaya zaweza kuwapo bila ya ushirika. Ushirika hauwezi kufanya kazi bila ya nyaya.

Ya pili ni uhakika wa nishati. Wengi huandika "usalama wa nishati". Neno usalama limekwisha kuzoeleka katika maonyo ya kutogusa nyaya na kuvaa glavu za mpira. Ofisa akisoma kwamba nchi jirani zitashirikiana katika "usalama wa umeme", ataita wakaguzi wa mitambo, ilhali jambo linalokusudiwa ni kwamba ukame ukipunguza maji ya mabwawa ya nchi moja, jirani aweze kuipatia umeme. Tunapendekeza uhakika litumike kwa upatikanaji usiokatika, na usalama libaki kwa kinga dhidi ya ajali.

Ya tatu ni nishati jadidifu, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa sawa na nishati safi. Jadidifu yatokana na jadidi, yaani fanya upya: ni nishati ambayo chanzo chake hujirudisha, kama vile maji, upepo na jua. Safi huhusu madhara ya matumizi. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unaihesabu gesi kuwa safi kwa sababu haijazi jiko moshi. Lakini gesi ya kisimani ikiisha hairudi. Kuni, kwa upande wake, huota tena zikipandwa, ila moshi wake waumiza macho na mapafu. Maji ya Rusumo yana sifa zote mbili. Basi mkataba ukiahidi fedha kwa "nishati safi" pasipo fasili, mradi wa gesi waweza kukubaliwa upande mmoja wa mpaka na kukataliwa upande wa pili.

Limebaki neno nishati lenyewe, ambalo Kenya huliita kawi. Hatuoni sababu ya kulifuta mojawapo. Lililo muhimu ni kwamba hati moja itumie neno moja tangu mwanzo hadi mwisho, na lile la pili litajwe katika fasili, ili msomaji asidhani kwamba ni vitu viwili.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, kisha watuletee maoni yao.