Je, Wajua? Mzigo wa Askari, Kutoka Roma hadi Nachingwea

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Vita navyo huamuliwa na mzigo: nani anabeba chakula, nani anabeba risasi, na nani anahesabiwa kuwa askari. Tuanzie Roma ya kale, tumalizie kwenye vichaka vya Nachingwea na Ruangwa.

JE, WAJUA kuwa askari wa Roma waliitwa baghala?
Zamani Roma, mtu asiye na mali hakuruhusiwa kuwa askari, kwa kuwa kila mmoja alijinunulia silaha zake. Mwaka 107 KK jemadari Gaius Marius aliwafungulia mlango maskini. Pia alipunguza msafara wa wanyama wa mizigo, akaamuru kila askari abebe vyake: chakula, chungu na zana za kuchimbia, vyote vikining'inia kwenye mti begani. Watu wakawaita "baghala wa Marius".

JE, WAJUA kuwa askari hao walijisagia unga?
Wanane walilala hema moja, wakila pamoja. Walipewa ngano, si mkate. Jioni, baada ya kuchimba handaki kuzunguka kambi, walitoa jiwe la kusagia, wakazungusha kwa zamu, ndipo wapike. Anayejua uzito wa jiwe la kusagia ataelewa jeshi lile lilikuwa na nidhamu ya namna gani.

JE, WAJUA kuwa Ruponda iliwahi kuwa ghala la vita?
Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walihifadhi chakula chao Ruponda, Nachingwea. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza yalishuka kutoka upande wa Kilwa, yakapita nchi ambayo leo ni Ruangwa, yakaiteka akiba hiyo. Siku chache baadaye yakafuata mapigano makali ya Mahiwa. Lettow aliwarudisha nyuma Waingereza, lakini ushindi haukumjazia ghala. Novemba mwaka huohuo akavuka mto Ruvuma, akaenda kutafuta chakula na risasi kwa Wareno, Msumbiji.

JE, WAJUA kuwa jina Kariakoo lina historia ya mizigo?
Linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo, kwa Kiingereza "Carrier Corps". Mpagazi alibeba karibu kilo 27 kichwani, uzito usio mbali na ule wa baghala wa Marius. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na bunduki, hakuwa na cheo, na mara nyingi hakuwa na viatu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Maandishi ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, yanawataja kuwa mikono na miguu ya jeshi. Majina yao hayapo.

JE, WAJUA kuwa vifaru viligeuzwa matrekta?
Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru aina ya Sherman viligeuzwa matrekta ya kufyeka pori. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Lakini ardhi ile ilikuwa na kazi nyingine mbele: Kongwa na Nachingwea zote mbili zikawa kambi za wapigania uhuru.

JE, WAJUA kuwa Nachingwea ililea jeshi la Msumbiji?
Kuanzia mwaka 1965 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliwafunza hapa wapiganaji wake. Kamanda wao, Samora Machel, alikuwa muuguzi kabla ya kuwa askari. Mmakonde, Mmakua na Mshangani waliwekwa pamoja. Walilima chakula chao, wakafundishana kusoma na kuandika, na wakufunzi wa Kichina wakawapa mbinu za vita vya msituni.

JE, WAJUA kuwa wanawake nao walibeba?
Marius aliwafungulia mlango maskini. FRELIMO ikaenda mbali zaidi. Mwaka 1967 kikundi cha kwanza cha wasichana kilipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, akiwemo Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora. Wanawake wa kikosi chao walivusha silaha na dawa hadi ng'ambo ya Ruvuma, na safari hii mbebaji alikuwa askari kamili, mwenye bunduki yake. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake nchini Msumbiji.

Mpagazi wa mwaka 1917 alivuka Ruvuma na mzigo wa wakubwa wake. Nusu karne baadaye, msichana aliyefunzwa Nachingwea alivuka mto uleule akibeba sanduku la risasi za ukombozi wa kwao. Kichwani uzito ni uleule. Lakini huu ulikuwa mzigo wake.