Kuandika kwa Sauti Yako



Ndugu mwanafunzi, ukikusanya insha kumi za darasa moja kuhusu kuwatendea wema wazazi, utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. Aya na Hadithi ni zile zile, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani hizo hunukuliwa kama zilivyo. Lakini mbona hata maelezo ni yale yale? Hapo ndipo inapokosekana sauti ya mwandishi, yaani ile namna ya kusema inayomtambulisha kabla hujaona jina lake.

Sauti hiyo haiji kwa maneno magumu. Huja kwa kumjua unayemwambia.

Mtazame Mwana Kupona binti Mshamu. Mnamo mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake. Tenzi zilikuwapo kabla yake, na mawaidha kwa wanawake pia. Yeye lakini anaanza kwa kumwita mwanawe asogee karibu na kumtaka achukue wino na karatasi. Ni mama anayesema na mwanawe, basi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa naye alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Hata hivyo, alipoanzisha gazeti lake dogo la Sahifa mwaka 1930, aliwaandikia watu wa mji wake kwa Kiswahili chao, makala fupi fupi, akiwakemea wazi wazi kwa kupuuza elimu na kuiga Wazungu. Mama yule ni mpole, Sheikh huyu ni mkali. Wote wawili wananasihi.

Kuiga mwanzoni si aibu. Anayejifunza kusoma Qur'an humfuata kwanza mwalimu wake. Ila usikae hapo miaka yote.

Utakapopewa insha nyingine, mchague mtu mmoja, pengine bibi yako au mdogo wako, umwandikie yeye. Ukimaliza, isome kwa sauti. Sentensi ambayo usingeweza kumwambia uso kwa uso, ifute uiandike upya. Na neno la kwenu, liwe la Kipemba au la Kimvita, usilionee haya iwapo ndilo linalofikisha maana. Kisha mpe aisome huyo uliyemwandikia, umtazame anapocheka na anaponyamaza.