Mijusi na nyoka wa sumu: Wafugwe wapi, na kwa nini?

Msomaji, ukiishi Lavington, Karen au hata Kangemi penye miti, bila shaka umewahi kumwona kinyonga mwenye pembe tatu akitambaa polepole juu ya ua. Watoto hupiga kelele, naye mlinzi hutafuta fimbo. Swali ambalo sisi madaktari huulizwa baada ya kisa kama hicho ni hili: je, mnyama yule ana sumu? Siku hizi liko na swali la pili, kutoka kwa vijana walioona watu wa ng'ambo wakifuga mijusi na nyoka katika masanduku ya kioo: je, kuna hatari gani kumweka mnyama wa aina hiyo nyumbani?

Mijusi wetu hawana hatari ya sumu

Kinyonga hana sumu. Mjusi kafiri anayekimbia ukutani hana sumu inayoweza kukudhuru, wala yule mwenye kichwa chekundu anayeota jua juu ya mawe. Kenge ana meno makali na makucha ya kurarua. Wataalamu wamegundua tezi za sumu katika vinywa vya jamii ya kenge, lakini kinachotutia wasiwasi akimuuma mtu ni jeraha lenyewe, uchafu unaoingia na pepopunda. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha uende hospitali ukachunguzwe na upate chanjo ya pepopunda ikihitajika.

Mijusi ambao sumu yao ni hatari kwa binadamu hawako Afrika. Mmoja ni Gila, anayepatikana katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ndugu zake wa karibu, wenye ngozi kama ya shanga, huishi Meksiko na Guatemala. Hawana meno matupu kama sindano jinsi alivyo nyoka. Tezi zao ziko katika taya la chini, na sumu hupanda kupitia mifereji ya meno huku mjusi aking'ang'ania na kutafuna. Mtu aliyeumwa hupata maumivu makali, uvimbe, kutapika, na shinikizo la damu huweza kushuka ghafla.

Kwa nini watu huwafuga?

Gila amefugwa na kuzalishwa na wataalamu wa ng'ambo kwa miaka mingi. Kazi hiyo si rahisi. Ni lazima apitishwe katika majira ya baridi kama ya kwao ndipo apate hamu ya kujamiiana. Mayai ni machache, nayo hukaa katika joto la kupimwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa.

Faida ya mjusi huyu kwa tiba ilionekana mwaka 1992, wakati Dkt. John Eng wa New York alipotangaza kwamba amepata ndani ya sumu yake kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wetu. Homoni hiyo huliamsha kongosho litoe insulini baada ya mtu kula. Ile yetu huvunjika katika dakika chache, bali ile ya mjusi hudumu kwa saa kadhaa. Kutokana nayo ikatengenezwa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Dawa yenyewe hutengenezwa katika maabara, kwa hivyo hakuna mjusi anayekamuliwa kwa ajili yake.

Hata hivyo, msomaji, hakuna dawa ya kuzima sumu ya Gila inayouzwa popote duniani. Daktari hutibu dalili tu. Mwezi wa Februari mwaka 2024, mwanamume mmoja wa jimbo la Colorado aliumwa na Gila aliyekuwa akimfuga nyumbani, akafariki siku chache baadaye. Vifo vya namna hiyo ni nadra mno. Lakini kwa anayefuga, mnyama na mkono wake huwa karibu kila siku.

Nyoka wanaofugwa Nairobi

Kwetu sisi wenye sumu ni nyoka. Watatu wa kujihadhari nao zaidi ni hawa: kifutu, yule mnene mvivu anayelala njiani, swila, ambaye aina zake nyingine hutema sumu machoni, na koboko, yule mrefu mwepesi ambaye ndani ya kinywa chake ni mweusi.

Nyoka hawa wamefugwa hapa mjini tangu zamani. Bustani ya nyoka ya Makavazi ya Taifa, pale Museum Hill, ilifunguliwa mwaka 1961. James Ashe, aliyewahi kuwa msimamizi wake, baadaye alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Upande wa Karen, ndani ya msitu wa Oloolua, taasisi ya utafiti wa nyani na jamii zao ina kituo cha utafiti wa kuumwa na nyoka, nao wanaotunzwa huko hukamuliwa sumu.

Mbona kujitaabisha hivyo? Kwa sababu dawa ya kuzima sumu hutokana na sumu yenyewe. Nyoka hushikwa nyuma ya kichwa, akaumishwa utando uliofunika chombo cha kioo, na matone yakaangukia ndani. Sumu hiyo hukaushwa, kisha farasi hudungwa kiasi kidogo kinachoongezwa polepole, hadi mwili wake unapojenga kingamwili. Kingamwili hizo hutolewa katika damu ya farasi, zikasafishwa na kutiwa chupani.

Ni lazima sumu iwe ya nyoka wanaotuuma sisi. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haiwezi kutegemewa kwa mtu aliyeumwa Kitui au Baringo. Nyoka anayefugwa vizuri hujulikana aina yake na alikotoka, na afya yake huchunguzwa, tofauti na yule aliyeokotwa porini jana.

Uhaba ni mkubwa. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, na chupa za mwisho zikapitwa na wakati mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka kila mwaka duniani.

Kufuga nyumbani

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga mnyamapori awe na kibali. Mbali na sheria, fikiria hospitali iliyo karibu nawe. Chupa za dawa zilizopo, kama zipo, ni za nyoka wa hapa. Ukileta nyoka au mjusi wa mbali, umeleta sumu bila dawa yake, na jirani au yaya wako hajui hata jina la mnyama huyo.

Ukiumwa na nyoka

* Ondoka karibu na nyoka. Usimkimbize wala kumkamata. Picha ya kutoka mbali inatosha.
* Tulia. Usitembee iwapo unaweza kubebwa. Weka kiungo kilichoumwa kisitikisike, kama unavyofanya mfupa unapovunjika.
* Vua pete, saa na bangili kabla ya uvimbe.
* Usifunge kamba ya kukaza, usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, wala usipoteze wakati kwa jiwe jeusi.
* Sumu ikiingia machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20.
* Nenda hospitali upesi, hata kama huhisi lolote.

Hospitalini usishangae damu yako ikitiwa katika chupa ndogo ya kioo na kuachwa kwa dakika 20. Isipoganda, sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda. Wala mzazi asishtuke mtoto akipewa kipimo cha dawa sawa na cha mtu mzima, kwa maana nyoka hampunguzii mtoto sumu. Dawa hii hupitishwa mshipani huku wauguzi wakimwangalia mgonjwa, kwa kuwa baadhi ya watu miili yao huikataa. Kwa hivyo usikubali kudungwa dukani wala nyumbani.

Watoto wako wakitamani kuwaona nyoka, wapeleke Museum Hill. Huko kuna kioo kati yao na koboko. Na yule kinyonga wa uani mwambie mlinzi amwache aendelee kula nzi.