Tope la ziwa na amana ya maji: somo kwa familia za Mara



Masika moja tulikuwa Nyarero, wilayani Tarime, pamoja na vijana wa madrasa, mvua kubwa ikiwa imekatika muda mfupi kabla ya swala ya Alasiri. Tulishuka kijitoni kuchota maji ya udhu, tukayakuta yamekuwa mekundu kama uji wa ulezi. Kijana mmoja akatuuliza: “Maalim, udongo wote huu unakwenda wapi?” Tulimjibu kwa haraka kwamba unakwenda ziwani, kisha tukaona kuwa jibu hilo ni fupi mno kwa swali kubwa kama lile. Makala haya ni jibu lake kwa urefu zaidi.

Maji ya vilima vya Tarime, yapitie mto Mara au mto Mori, mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Mto ukifika penye tambarare hupungukiwa na nguvu, na udongo ulioubeba hutua chini. Mwaka hadi mwaka tabaka jipya hulala juu ya tabaka la zamani. Hayo ndiyo mashapo. Ndani yake huhifadhika chavua ya miti na nyasi, masizi ya moto wa mbuga, magamba ya mwani na mifupa ya samaki. Wataalamu hushindilia bomba refu katika sakafu ya ziwa, wakalitoa likiwa na nguzo ya tope, kisha wakaisoma nguzo hiyo kuanzia juu, kulikolala udongo wa jana, hadi chini, kulikolala udongo wa kale.

Ama umri wa matabaka, wao hawaubahatishi. Katika mabaki ya viumbe imo aina ya kaboni ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Na kwa matabaka machanga hutumika aina ya risasi ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22 hivi. Kwa kupima kilichobaki, hujulikana muda uliopita.

Ziwa lililowahi kukauka

Mwaka 1996 mtaalamu Thomas Johnson na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza sakafu ya Ziwa Viktoria. Chini ya tope laini walikuta tabaka gumu lenye alama za ardhi iliyowahi kuwa kavu na kuota majani. Ilidhihirika kuwa kabla ya miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili, ambalo leo lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lilikuwa limekauka. Pale ambapo leo mvuvi hutupa wavu, palikuwa na nyanda.

Msomaji asistaajabu sana. Kina kikubwa kabisa cha ziwa hili ni mita 80 hivi, na takriban sehemu nne katika tano za maji yanayoingia humo ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mvua ikipungua kwa karne nyingi, ziwa hufifia. Na mvua ikizidi, hupanda, kama tulivyoshuhudia mwaka 2020 na tena mwaka 2024, maji yalipofurika na kuwahamisha watu wa mwambao.

Aidha, tope la Ziwa Naivasha nchini Kenya limetoa habari za karibu zaidi. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walieleza historia ya mvua ya miaka 1,100. Walitaja vipindi vitatu vya ukame mkali, yaani 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840, kila kimoja kikiwa kikali kuliko ukame wowote wa karne ya 20. Wakayalinganisha hayo na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki kuhusu njaa na kuhama kwa makabila, wakakuta yanaafikiana. Basi tusiyadharau masimulizi ya babu zetu, kwani tope limewatolea ushahidi.

Habari za mto wetu

Msafiri atokaye Tarime kwenda Musoma huvuka daraja la Kirumi, na hapo huliona bwawa kubwa la mafunjo ambamo mto Mara hupumzika kabla ya kuingia ziwani. Katika kinamasi hicho Christopher Dutton na wenzake walichota nguzo za tope zenye kumbukumbu ya miaka kama 2,000, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Waliyoyakuta yanatuhusu moja kwa moja. Kwa muda mrefu udongo ulitua kidogo kidogo, lakini tangu miaka ya 1960 kasi yake imepanda sana, sambamba na mabadiliko ya matumizi ya ardhi katika bonde. Zaidi ya hayo, zebaki imeongezeka katika matabaka ya juu.

Hapa ndipo swali la yule kijana linapokuwa zito. Mafaqihi wametufundisha kuwa maji yaliyogeuzwa rangi na udongo hubaki na utwahara wake, na udhu wetu wa siku ile ulisihi. Lakini maji kuwa twahara ni jambo moja, na kuwa salama kwa tumbo la mtoto ni jambo jingine. Zebaki haina rangi majini wala harufu. Mchimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake ukivutwa hudhuru ubongo na figo. Inayobaki husombwa na mvua hadi kwenye tope, na humo vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia katika samaki. Samaki mkubwa alaye wadogo hukusanya zaidi, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Ulimwengu ulilijua hili huko Minamata, Japani, mwaka 1956, na ndio maana mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukapewa jina la mji huo.

Hatusemi haya kuwalaumu vijana wanaotafuta riziki kwenye mialo. Riziki ya halali ni ibada. Tunachosema ni kwamba riziki haiwi njema ikiwa inamdhuru mlaji wake na jirani yake. Kuondosha madhara ni msingi katika fiqhi yetu, na maji ni katika vitu ambavyo watu wote wameshirikiana.

La kufanya

Kwanza, baba yeyote anayechenjua dhahabu asichome zebaki nyumbani, wala asitumie chungu au sufuria ya kupikia. Vipo vyombo vilivyofungwa vinavyonasa moshi na kuirejesha zebaki. Mama mjamzito na watoto wakae mbali kabisa na kazi hiyo. Pili, tuache kulima hadi ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 za kulinda kingo za mito na maziwa. Tatu, wenye mashamba kwenye miteremko waweke makinga maji na kupanda miti, kwani udongo unaosombwa leo ndio uliokuwa umlishe mjukuu kesho.

Ndugu zetu, kila masika tabaka jingine linatua pale Kirumi, na ndani yake imo amali ya mikono yetu. Watakuja watu baada yetu, watalitoa tope hilo na kulisoma, nao watajua kama tuliichunga amana au tuliihini. Nasi, kabla ya hukumu yao, tutaulizwa na aliyetupa maji hayo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.