Asilimia 92 ya Kware: Kupima Oksijeni ya Mtoto Mchanga katika Nyanda za Juu

Jina la Kware, mtaa ulioko Embakasi Kusini upande wa mashariki wa Nairobi, humpoteza anayelitafuta kwenye kamusi. Kamusi humpa ndege wa porini anayefanana na kuku. Wakazi hulihusisha na neno la Kiingereza lenye maana ya machimbo ya mawe. Maana huhitaji mahali. Hali ni hiyo hiyo kwa tarakimu inayomulika kwenye oksimita, kile kifaa kidogo kinachofungwa mkononi mwa mtoto mchanga kupima oksijeni katika damu. 92 ya Kware na 92 ya Mombasa huandikwa sawa, lakini hazisomwi sawa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Hewa ya Mombasa na ya Nairobi ina kiwango kile kile cha oksijeni, yaani takriban asilimia 21. Kinachotofautiana ni kanieneo ya hewa. Katika usawa wa bahari, kanieneo hiyo hufikia milimita 760 za zebaki. Mashariki mwa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, hushuka hadi karibu 630. Kwa hiyo oksijeni husukumwa kuingia kwenye damu kwa nguvu ndogo zaidi. Mtu mzima mwenye afya hahisi lolote. Mtoto mchanga, ambaye mapafu yake ndiyo kwanza yameanza kazi, ana akiba ndogo.

Ikumbukwe kwamba mtoto huyo ametoka mahali ambapo mapafu yalijaa majimaji na oksijeni ilipitia kwenye kondo la nyuma. Hata pwani, dakika moja baada ya kuzaliwa kipimo huwa kama asilimia 60 hadi 65, na huchukua dakika kumi hivi kufikia kati ya 85 na 95. Anayepima dakika ya tatu akashtuka, ameshtuka bure.

Kanuni ya oksimita ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kifaa hupitisha aina mbili za mwanga kwenye kiganja au wayo: mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Himoglobini iliyobeba oksijeni hufyonza mianga hiyo kwa namna tofauti na isiyobeba. Kifaa hulinganisha na kutoa asilimia. Ni ubunifu wa ajabu, ila una udhaifu wake. Mguu wenye baridi au unaorushwarushwa hutoa tarakimu zisizoaminika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wazima weusi, upungufu wa oksijeni ulikosa kugunduliwa karibu mara tatu zaidi kuliko miongoni mwa weupe. Jambo hili halipaswi kuwa tanbihi tu katika mji kama Nairobi. Tena kuna jiko la makaa. Katika chumba kilichofungwa, moshi wake hutoa gesi ya kaboni monoksidi inayoshika himoglobini mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida haitofautishi gesi hizo mbili. Mtoto huweza kuwa hatarini huku kifaa kikionyesha 98.

Vipi basi kuhusu 92? Mwaka 2011 Marekani ilipendekeza watoto wote wachanga wapimwe mkono wa kulia na mguu mmoja, saa 24 baada ya kuzaliwa, ili kubaini kasoro kubwa za moyo. Aliyepata 95 au zaidi, pasi na tofauti kubwa kati ya mkono na mguu, alihesabiwa kuwa salama. Aliye chini ya 90 alichunguzwa mara moja. Wa katikati alipimwa tena. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kutoka Denver, mji wenye mwinuko wa mita 1,610, karibu sawa na Kware, ulikuta watoto wachanga wenye afya wakiwa na wastani wa 92 hadi 93. Kipimo cha pwani kingewatilia shaka wengi wao bure.

Lakini visingizio navyo huua. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1993 ulihusu watoto wadogo wenye maambukizi ya njia ya hewa. Zaidi ya nusu yao walikuwa chini ya 90, na uwezekano wa kufariki miongoni mwao ulikuwa zaidi ya mara nne ya wenzao. Shirika la Afya Duniani hutaja kikomo cha chini zaidi, 87, kwa mwinuko wa kuanzia mita 2,500. Nairobi haifiki huko. Kusema “ni mwinuko tu” mbele ya 86 ni kosa.

Hapa lugha nayo inaingia. Wodini husikika “hewa imepungua” au “mtoto amewekewa hewa.” Neno hewa limebebeshwa maana ya oksijeni, na mama anayesikia “hewa ni tisini na mbili” huenda akaichukua kama alama ya mtihani, akafurahi, au akadhani chumba kinakosa dirisha. Kauli iliyo wazi zaidi ingekuwa: “Katika kila sehemu mia za damu zinazoweza kubeba oksijeni, tisini na mbili zimebeba. Kwa Nairobi hiyo yaweza kuwa kawaida. Tutampasha joto na kumpima tena mkono na mguu, tuangalie kama ananyonya, kama kifua kinabonyea, na kama anapumua zaidi ya mara sitini kwa dakika.”