MASHINE YA MTUMBWI IKIKATAA KUWAKA



Sisi wa Utemini tuko karibu na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Wenzetu wa Iramba wanalo ziwa Kitangiri, wanakovua samaki. Mtumbwi wenye mashine hurahisisha kazi. Lakini mashine ikizima katikati ya ziwa, upepo hausubiri fundi. Basi tujifunze wenyewe.

Kwanza tutie nanga, mtumbwi usichukuliwe na upepo. Tusivute kamba ovyo ovyo. Anayevuta sigara aizime, maana petroli haina mchezo. Halafu tukague hatua kwa hatua.

1. Kamba ya usalama. Mashine nyingi zina kamba nyekundu yenye kibanio. Kibanio kikichomoka, mashine haiwaki, hata tukivuta mpaka mkono uchoke. Tena tuhakikishe gia iko huru.

2. Mafuta. Je, yamo? Je, skurubu ya hewa juu ya mfuniko wa tangi imelegezwa? Ikifungwa, hewa haiingii, na mafuta hayatoki. Ni kama dumu lenye tundu moja dogo: maji hutoka kwa shida. Halafu tubane kile kipira kilicho kwenye mpira wa mafuta mpaka kiwe kigumu. Kikibaki laini, na mafuta yamo, pengine mpira umepasuka au haukushika vizuri.

3. Maji ndani ya petroli. Tumimine petroli kidogo katika chupa ya kioo, tuiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini. Tukiyaona, petroli hiyo tusiitumie.

4. Plagi. Tuifungue tuitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa ina masizi, tuisugue kwa brashi. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi. Hapo turudishe choki, tuchomoe kibanio cha usalama ili cheche isitoke, tuvute kamba mara chache plagi ikiwa nje. Kisha tuifute, tuirudishe, tubane kibanio, tujaribu tena.

Mashine ikiwaka, tutazame kitundu kinachotoa maji pembeni. Maji yasipotoka, tuizime upesi. Maji hayo ndiyo yanayoipoza.

Mambo mengi huanzia nyumbani. Mashine inayochanganyiwa oili ina kipimo chake katika kitabu. Kitabu kikisema 50 kwa 1, basi petroli lita 10 hutaka oili mililita 200. Oili ikipungua, mashine huungua. Ikizidi, plagi hushika masizi. Tusikisie kwa jicho.

Tena maji ya Singidani na Kindai yana chumvi. Chumvi hula chuma na kuziba njia za maji. Baada ya kazi, tuitumbukize sehemu ya chini ya mashine katika pipa la maji ya kisima yasiyo na chumvi. Maji yafunike matundu ya kuvutia maji. Tuiwashe dakika chache, gia ikiwa huru.

Na hata mashine ikiwa mpya, tusiingie ziwani bila makasia, nanga, plagi ya akiba na spana yake. Kasia halihitaji petroli.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini skurubu ya hewa hulegezwa?
2. Petroli lita 20 hutaka oili kiasi gani, kipimo kikiwa 50 kwa 1?
3. Mtumbwini kwetu kuna vifaa gani vya akiba?