Injini ya Hewa au Injini ya Maji?

Ndugu mkulima, ikiwa unafikiri kununua pikipiki ya magurudumu manne ya kubebea maziwa, majani ya ng'ombe na mbolea, usimwulize muuzaji habari za nguvu peke yake. Mwulize pia, "Injini hii hupozwa kwa kitu gani?" Mtu asiyejua jibu aweza kuharibu injini nzima kabla hajamaliza kuilipia.

Kwanza fahamu joto hutoka wapi. Petroli inapoungua, sehemu kama robo tu ya nguvu yake ndiyo inayofanya kazi. Iliyobaki ni joto. Jingi hutoka pamoja na moshi, na jingine huingia katika chuma. Lisipoondolewa, oili huwa nyepesi mno, pistoni hutanuka, na mwisho hukwama ndani ya silinda.

Injini ya hewa haina maji hata kidogo. Tazama ubavuni mwa silinda, utaona mabapa membamba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Upepo hupita katikati yake na kuchukua joto. Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa hivyo hivyo. Hakuna rejeta ya kutoboka, wala pampu, wala mipira ya maji. Na kwa mtu anayekaa mbali na fundi hilo si jambo dogo.

Lakini upepo huo huletwa na mwendo, na hapo ndipo penye taabu. Mkulima wa Kinangop apandapo mlima polepole katika tope, na mitungi ya maziwa nyuma yake, injini hufanya kazi nyingi kabisa wakati upepo ni mchache kabisa. Tena, katika kimo cha meta 2,500 hewa yenyewe ni nyepesi: uzito wake ni kama robo tatu tu ya hewa ya Mombasa. Baridi ya huko husaidia, lakini mzigo ukiwa mkubwa haitoshi. Kwa hiyo baadhi ya mashini hizi huongezewa rejeta ndogo ya oili pamoja na feni. Ukichagua ya hewa, tafuta yenye vitu hivyo.

Katika injini ya maji, pampu huzungusha maji kando ya silinda, kisha huyapeleka kwenye rejeta yapoe. Lita moja ya maji huchukua joto kuliko lita 3,000 za hewa, kwa hiyo injini haipati moto haraka hata ikienda polepole. Honda Rancher ya 350 ilikuwa ya hewa; ile ya 420 iliyoifuata, ya mwaka 2007, ikawa ya maji.

Hata hivyo, injini hii yataka mtu mwangalifu. Pale Kinangop maji katika sufuria huchemka yakifika digrii 92 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta huzuia mvuke, na shinikizo hilo ndilo linalofanya maji yasichemke upesi. Kifuniko kikilegea, faida hiyo imepotea. Wala usikifungue injini ikiwa moto, maana maji yataruka na kukuunguza uso.

Usitie maji ya kisima chenye chumvi au magadi, kama vilivyo visima vingi vya Bonde la Ufa. Huacha ukoko kama ule ulio ndani ya birika la chai, na njia za maji huziba. Tia dawa ya rejeta iliyotajwa katika kitabu cha mashini. Maji yakipungua kila juma, usiongeze tu, tafuta yanakovuja.

Kwa maoni yangu, mwenye kuvuta mizigo mlimani kila siku na achukue ya maji. Mwenye safari fupi na mizigo myepesi, ya hewa yamtosha, naye atatumia fedha kidogo kwa matengenezo.

Zote mbili huuawa na tope. Likikauka kwenye mabapa au kwenye rejeta, joto halina pa kutokea. Ngoja injini ipoe, kwa maana maji baridi juu ya chuma cha moto yaweza kukipasua. Kisha osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, na rejeta uioshe kutoka nyuma kwenda mbele, ili tope lirudi njia liliyoingilia.